Nishaurini: Blue Jays, timu ya besiboli ya Toronto, wamrudishe mrushaji Max Scherzer au wamwache aende zake?

Mhamiaji_wa_Toronto (mleta uzi)
Wakuu, heshima zenu. Najua humu wengi ni watu wa soka, ila tunaofuata besiboli tupo, na leo naomba mnisaidie kwenye ubishi.

Majira haya ya baridi ya 2025-26 hakuna mechi, tunaishi kwa habari za usajili tu. Klabu imeshamchukua Dylan Cease, miaka saba kwa dola milioni 210, na Cody Ponce aliyekuwa Korea, miaka mitatu kwa milioni 30. Wote warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira. Scherzer naye mkataba wake wa mwaka mmoja, milioni 15.5, umeisha, ni mchezaji huru. Ana miaka 41, Julai 2026 anatimiza 42.

Kazini mimi ndiye mtetezi wake, na wenzangu wananibana kwa takwimu. Msimu wa 2025 alianza mechi 17 tu, akarusha zamu 85, na kwa kila zamu tisa, yaani mechi nzima, aliruhusu wastani wa mikimbio (alama) 5.19. Kidole gumba kilimweka nje tangu mwisho wa Machi hadi Juni. Sina la kujibu hapo. Lakini mchezo wa saba, ule wa mwisho, wa fainali ya World Series dhidi ya Dodgers alianza nani? Yeye. Akatoka zamu ya tano tukiongoza 3-1. Kilichofuata hadi tukafungwa 5-4 zamu ya 11 msimtwishe yeye.

Mngekuwa nyie wasajili, mngempa mkataba? Kwa bei gani?

dalali_wa_takwimu
Mkuu, unatetea mechi mbili tatu na kusahau miezi sita. Raundi ya kwanza dhidi ya Yankees hakuwemo hata kikosini, hilo hukuliandika.

Halafu hesabu nafasi. Timu inazungusha waanzaji watano, yaani warushaji wanaopokezana kuanza mechi. Kuna Gausman, Cease, Yesavage, Bieber, Berríos, Ponce. Hao ni sita, na Eric Lauer sijamtaja. Mzee anakaa wapi?

BintiMvita
@dalali_wa_takwimu sita kwenye karatasi, kaka. Berríos alimaliza msimu kiwiko kinamsumbua. Bieber ndio kwanza alirudi Agosti baada ya upasuaji wa kiwiko. Yesavage alianza 2025 ligi za chini kabisa, akapandishwa Septemba, akaanza mechi tatu tu kabla ya mtoano. Kijana huyo aliwatoa wapigaji 12 wa Dodgers kwa straiki, bila kuupiga mpira uwanjani, katika mchezo wa tano wa World Series, sawa, lakini mkono wa miaka 22 haubebeshwi msimu mzima ghafla. Zamu hizo lazima mtu azirushe. Mechi ni 162, na waanzaji huisha kama vikombe vya nyumba yenye watoto.

Umri peke yake usiwatishe. Justin Verlander mwaka huohuo, akiwa na 42, aliwaanzia Giants mechi 29 kwa wastani wa 3.85. Alishinda nne tu, lakini wapigaji wake ndio walimwangusha.

KipaMstaafu
Mimi namkumbuka kule Seattle kwenye mtoano, Oktoba 16. Kocha Schneider anatoka kwenda kumtazama zamu ya tano, mzee anamfokea pale kilimani anaposimama mrushaji hadi kocha anageuka na kurudi benchi! Akaendelea mpaka zamu ya sita, tukashinda 8-2. Mpeni hela yake.

dalali_wa_takwimu
Hela ipi sasa? Hapa ndipo wengi mnaparuka. Kikomo cha mishahara 2026 kabla ya kodi ni dola milioni 244. Timu inayokivuka mwaka wa pili mfululizo, ikapita na milioni 60 zaidi, inatozwa asilimia 90 kwa kila dola ya juu ya hapo. Ikifika huko, ukimpa Scherzer milioni 10 unalipa 19. Kwa kufoka?

BintiMvita
Hapo nakubaliana nawe, kwa milioni 15 simgusi. Ningempa mshahara wa msingi mdogo, kisha bonasi kwa kila idadi ya zamu atakazorusha. Kidole kikigoma, klabu haijaumia. Kikipona, analipwa kwa jasho lake.

Na asianze Aprili. Acha wengine wabebe baridi ya mwanzo, yeye aje katikati ya msimu akiwa hajachoka. Huyu ana tuzo tatu za Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, na alianza mchezo wa saba wa World Series hata 2019 akiwa na Nationals. Unamnunua kwa ajili ya Oktoba, mwezi wa mtoano.

Mhamiaji_wa_Toronto
Shukrani dada, hiyo naibeba kesho kazini. Ila mtu mwenye tuzo zote hizo atakubali mshahara wa bonasi? Akipata klabu inayompa nafasi tangu siku ya kwanza je?

BintiMvita
Basi aende. Sisi tuna sita.

dalali_wa_takwimu
Saba. Lauer.