Kugombea udiwani Uswidi: ndiyo viti maalum vya Ulaya?

Kutoka: Dada, Göteborg

Wakubwa shikamooni, wengine habari za siku.

Chama kimoja cha hapa kimeniomba niingie kwenye orodha yao ya wagombea udiwani wa manispaa, nafasi ya nne. Wanapanga mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke, hivyo hivyo mpaka chini. Nilipomwambia shemeji yangu aliyeko Dodoma, akacheka: "Kumbe umepata viti maalum vya Ulaya!" Nilicheka naye, lakini lilinichoma.

Mwenye uzoefu anisaidie. Pasipoti yangu bado ni ya Tanzania, je, naruhusiwa kugombea? Na kazini itakuwaje? Nafanya zamu kwenye nyumba ya wazee, na vikao vya madiwani ni jioni.

Kutoka: Shangazi, Uppsala

Marahaba mwanangu.

La uraia lisikusumbue. Kwa uchaguzi wa manispaa na mkoa, mgeni aliyeandikishwa kuwa mkazi wa Uswidi miaka mitatu mfululizo kabla ya siku ya kura anapiga kura na anagombea. Uraia unadaiwa kwa Bunge la taifa. Usikimbilie pasipoti yao kwa sababu ya udiwani. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo ukichukua wa huku umeuacha wa nyumbani, na ndoto ya ubunge Tanzania imeishia hapo.

Kazini, sheria inampa diwani haki ya ruhusa ya kwenda vikaoni. Mwajiri halipi saa hizo, manispaa ndiyo inayofidia kipato ulichopoteza. Madiwani wengi huku wana ajira zao za kawaida, udiwani wanaufanya pembeni.

Sasa huyo shemeji yako. Mwambie hajakosea sana, lakini amechanganya. Viti maalum vyetu vimo kwenye Katiba, ibara ya 66: wabunge wanawake wa kundi hilo wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine. Mwaka 1985 vilikuwa 15, Bunge la 2020 lilikuwa navyo 113. Chama kilichofikisha asilimia 5 ya kura halali za ubunge kinapata mgao na kupeleka majina Tume ya Uchaguzi. Mimi nilipiga kura nyumbani miaka mingi kabla ya kuja huku, na sikuwahi kuona jina la mgombea wa viti maalum kwenye karatasi. Kwa CCM, wanaoamua kwanza ni wajumbe wa UWT, jumuiya ya wanawake ya chama, mkoani, kisha vikao vya juu. Mbunge huyo hana jimbo, kwa hiyo hana mfuko wa jimbo wa kuchimbia hata kisima. Na soma ibara ya 51: Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni. Mwanamke wa viti maalum anaweza kuwa na akili kuliko baraza zima la mawaziri, kiti hicho hakifikii.

Huku hakuna sheria ya kuwatengea wanawake viti bungeni. Uchaguzi wa 1991 idadi yao bungeni ilishuka, na kundi la kina mama likatishia waziwazi kuunda chama chao. Chama cha Wasosialdemokrati kikaogopa kupoteza kura, kikaamua kwamba orodha zake za 1994 zipishane mwanamke na mwanamume. Mwaka huo wanawake wakafika kama asilimia 40 ya Bunge. Kwa hiyo hukupewa hisani, unakula jasho la wenzako waliotisha watu. Na jina lako litakuwa kwenye karatasi, mpiga kura akikutaka anakuwekea alama.

Kutoka: Kaka, Malmö

Shangazi, shikamoo. Hapa kidogo nakupinga. Viti maalum tunavidharau mno. Rais Samia aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalum, 2010 akachukua jimbo la Makunduchi. Halima Mdee aliingia Bungeni 2005 kwa viti hivyo hivyo, akashinda jimbo la Kawe 2010 na tena 2015. Ngazi ilifanya kazi yake.

Na usimwaminishe dada kwamba huku wananchi ndio wanaopanga. Orodha inapangwa na kamati ya uteuzi ya chama. Dada, waulize jambo moja tu: mara ya mwisho mlipata viti vingapi? Kama vilikuwa viwili, nafasi ya nne ni ya picha kwenye kipeperushi.

Kutoka: Shangazi, Uppsala

Marahaba baba. Umemtaja Mdee mwenyewe, basi mmalizie. Alipoikosa Kawe 2020 alirudi kwa viti maalum pamoja na wenzake 18, wakaapishwa Novemba. Chadema ikasema haikupeleka majina, ikawafukuza uanachama, nao wakaendelea kukaa bungeni miaka huku kesi ikizunguka mahakamani. Huyo ni mwanamke aliyewahi kupewa jimbo na wananchi mara mbili! Tangu hapo watu hawakujadili tena alichosema bungeni, walijadili jina lake lilipelekwa na nani. Ngazi naikubali, kaka. Ninachouliza ni nani anayeishika chini.

Kuhusu viti vya mara ya mwisho, hapo umesema kweli.

Kutoka: Dada, Göteborg

Nimewauliza. Walipata vitatu. Wanasema nafasi ya nne ni naibu, anaingia kikaoni diwani wa juu asipokuwepo, na diwani huyo akijiuzulu, naibu huenda akachukua kiti.

Kutoka: Kaka, Malmö

Basi sogea. Waambie unataka ya pili, na uwaambie kabla mkutano wa wanachama haujapitisha orodha, maana ikishapita hairudi. Kisha tafuta kura za jina: ukifikisha asilimia 5 ya kura za chama chako kwenye eneo lako, na zisipungue 50, unaweza kumruka aliye juu yako. Wabongo, Wakenya na Wakongo wa mtaani kwako waliotimiza miaka mitatu nao wanapiga, na wengi hawajui. Anzia hapo.

Kutoka: Shangazi, Uppsala

Na uulize kama manispaa yenu inalipia mlezi wa watoto jioni za vikao. Nyingine zinalipa, lakini hawakwambii mpaka uulize.