Go: chaneli moja, watumaji wengi. Nani aifunge?

Swali
Habari wakuu. Kwenye lugha ya Go, gorutini 8 (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja) zinatuma matokeo kwenye chaneli moja (njia ya kupitishia data kati yao), na gorutini kuu inayasoma kwa kitanzi cha `for range`. Nisipoifunga chaneli, programu inakwama mwishoni. Kila gorutini ikiita `close(ch)` baada ya kumaliza, inaanguka kwa "send on closed channel", mara nyingine "close of closed channel". Niifungie wapi?

Jibu 1
Mkuu, hapo hakuna mtumaji anayejua kama wenzake wamemaliza, kwa hiyo asifunge hata mmoja. Wala mpokeaji asifunge. Afunge yule anayewasubiri wote kwa `wg`, yaani `sync.WaitGroup` inayohesabu gorutini ambazo hazijamaliza:

```go
wg.Add(8)
for i := 0; i < 8; i++ {
    go func() {
        defer wg.Done()
        ch <- kazi()
    }()
}
go func() {
    wg.Wait()
    close(ch)
}()
for m := range ch {
    tumia(m)
}
```

`wg.Wait()` imewekwa kwenye gorutini yake makusudi. Ukiiweka kabla ya `range` na chaneli haina bafa (nafasi ya kuweka thamani zinazosubiri kusomwa), watumaji wanamsubiri mpokeaji, naye anawasubiri wao. Kila kitu kinasimama. `Add` nayo itangulie `go`. Ikiwa ndani ya gorutini, `Wait` inaweza kukuta hesabu ni 0 na chaneli ikafungwa kabla ya wakati. Na tafadhali, usifunike kosa hili kwa `recover` (inayozuia programu isianguke).

Jibu 2
Naongezea: ukitoka kwenye `range` kabla ya mwisho, watumaji waliobaki watakwama kwenye `ch <-` na kumbukumbu yao haitaachiliwa. Tengeneza chaneli ya pili, `acha := make(chan struct{})`. Hii mpokeaji ndiye anayeifunga, na kila mtumaji anatuma kwa `select`, inayochagua tawi lililo tayari:

```go
select {
case ch <- m:
case <-acha:
    return
}
```

Kutuma thamani moja kwenye `acha` kungeamsha gorutini moja tu. Kuifunga kunaziamsha zote.

Muulizaji
Imekubali, asanteni. Nikiweka bafa ya 100, `close` itapoteza zilizomo?

Jibu 1
Hapana. Zinatoka zote kwanza, ndipo `v, ok := <-ch` inarudisha thamani sifuri na `ok` kuwa `false`. Angalia tu ukisoma kwa `select` ndani ya kitanzi: chaneli iliyofungwa iko tayari muda wote, kitanzi kitazunguka bure na kula CPU. `ok` ikiwa `false`, andika `ch = nil`; chaneli ya `nil` haichaguliwi kamwe.