Mrejesho: Java ya ghala Shimanzi na C# ya hesabu sasa zinaelewana

Jamani, asanteni. Swali lilikuwa namna ya kuunganisha programu ya ghala iliyoandikwa kwa lugha ya Java, iliyoko Shimanzi, Mombasa, na ya hesabu iliyoandikwa kwa C#, iliyoko ofisini Moi Avenue. Ushauri wa kuweka foleni katikati, yaani mahali ujumbe unaposubiri hadi upande wa pili uuchukue, ndio uliofaa kabisa.

RabbitMQ, programu inayoendesha foleni hiyo, imekaa Shimanzi, kando ya Java. Ingekuwa ofisini, laini ikikatika Java isingekuwa na pa kuacha ujumbe. C# inaingia kupitia VPN (njia ya faragha juu ya intaneti), poti 5672. Akaunti ya guest inayokuja na RabbitMQ inakubaliwa kutoka kwenye kompyuta hiyohiyo tu, kwa hiyo fungueni mtumiaji mwingine mapema.

Foleni iwe durable (ibaki hata seva ikizimika) na kila ujumbe uwe persistent (uandikwe kwenye diski). Kimoja pekee hakitoshi: seva ikizimika na kuwaka, ujumbe umepotea. C# itume ack (taarifa kwamba ujumbe umepokelewa) baada ya kuhifadhi kwenye hifadhidata, si kabla. Hapo laini ikikatika kabla ya ack kufika, ujumbe uleule hurudi, na ankara huingia mara mbili. Dawa yake ni namba ya ankara kuwa unique (isijirudie) kwenye jedwali. Hifadhidata ikigoma kwa sababu namba ipo tayari, tuma ack uendelee.

Ndani ya JSON, muundo wa maandishi wa ujumbe, pesa ziende kama senti, namba nzima: 1250.50 iandikwe 125050. Tarehe na saa zibebe +03:00 mwishoni (saa za Kenya), la sivyo kompyuta iliyowekwa UTC, saa ya kimataifa, itasukuma mauzo ya usiku hadi kesho yake.