Landrover 109 ya petroli sailensi iko juu na inamisi: nirekebishe kabureta ya Zenith, nifunge Weber au nichukue kopi?

mkulima_wa_kalenga
Wakuu habari zenu. Nina Series III 109, petroli 2.25, ya mwaka 1978, niko nayo huku Iringa. Asubuhi inawaka fresh, choki kidogo tu inaitika, shida ikishapata moto sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga akseleta) inapanda yenyewe halafu haitulii, inapanda inashuka inapanda inashuka, na ikishuka inamisi, yaani silinda zinaruka kuwaka, mpaka boneti inatikisika. Fundi kafungua skrubu ya sailensi mpaka haigusi tena kitu na bado iko juu. Kabureta ni Zenith 36IV. Nimepewa njia tatu: kiti (kit, seti ya gasketi na oringi) cha kurekebishia hii hii, kabureta mpya ya Weber 34 ICH, au kopi ya Zenith ambayo iko dukani tayari na bei yake ni chee. Fundi anataka kopi maana anamaliza leo leo. Nyie mngefanya ipi?

chuma_cha_muingereza
Weber, sijui hata mnajadili nini. Ndani ni nyepesi, vitu vya kuziba vichache, na jeti ya sailensi (kitundu cha kupitisha petroli) unaitoa kwa nje bila kufumua kabureta. Ukipiga resi mpaka mwisho utaona nguvu imepungua kidogo, lakini nani anakimbiza 109 jamani, si unabeba mahindi?

dada_spana
Mkuu usinunue chochote kwanza. Kama skrubu haigusi na injini bado inakimbia basi kuna hewa inaingia pasipotakiwa, au bati la ndani la kabureta halifungi lote, au taiming imekaa mbele, yaani plagi zinachoma mapema mno. Kati ya hayo ni moja tu ambalo kabureta mpya italiponya. Anza na vya bure. Waya wa choki, hakikisha unarudi mpaka mwisho, na ufungue ile linki ya akseleta uisukume kwa mkono uone kama kabureta inarudi yenyewe, hizi linki za Landrover zikikauka grisi zinang'ang'ania. Halafu kama ina servo ya breki (kile kifaa cha kulainisha breki kwa mvuto wa hewa ya injini), minya hozi yake kwa plaizi injini ikiwa inaunguruma, sailensi ikishuka ujue servo ndiyo inavuja. Baada ya hapo chukua chupa ya kupulizia, weka MAJI, pulizia kidogo kidogo kwenye gasketi ya manifodi (bomba la kupeleka hewa kwenye silinda) na chini ya kabureta, mlio ukibadilika umepapata. Maji nimesema, sio petroli kama mafundi wetu wanavyopenda, kwenye hii injini egzosi iko palepale chini ya manifodi ya hewa, utachoma gari.

series_nanyuki
Niongezee hapo kwa dada. Shika ile shafti ya kabureta yenye linki uitikise juu chini, ikicheza ujue tundu limelika na hewa inapita hapo, na hiyo kiti haiponyi, kiti ni gasketi na oringi tu, shafti lazima upeleke kwa mtu wa lethi aweke bushi. Hapo ndio Weber inaanza kuwa na maana. Kopi mimi sikushauri, niliweka moja, sehemu ya kukaa gasketi haikuwa imenyooka kutoka kwa boksi, aidilingi, hiyo sailensi yenu, ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Wengine wanasema zao ziko sawa, labda ni bahati.

Kitu kingine, hii gari ulitoa wapi? Kama ilikuwa imetyuniwa Dar kwa bahari, huko kwenu kwa mita 1,500 na kitu hewa ni nyepesi karibu asilimia 15, itakuwa inakula petroli kuliko hewa. Hiyo haipandishi aidilingi lakini kumisi na plagi nyeusi inaleta.

mkulima_wa_kalenga
Ilitoka Tanga kweli, na plagi ni nyeusi kama mkaa.

dada_spana
Basi una magonjwa mawili, sailensi kupanda na petroli kuzidi, usiyachanganye. Jaribu hivi: injini ikiwa moto, funga skrubu ya mchanganyiko (ya kupima petroli ya sailensi) taratibu mpaka ndani, usikaze. Ikizima, vizuri, njia ya sailensi inafanya kazi. Isipozima, petroli inapita kwingine, na kwenye 36IV wa kwanza kumshuku ni ile oringi ya ndani kwenye kipande cha jeti, pamoja na mfuniko kupinda kwa joto na kwa kukazwa sana. Mfuniko unanyooshwa: msasa laini juu ya kioo, unasugua kwa kuzungusha mpaka uso wote ung'ae sawa. Kazi ya jioni moja, na bei ya kiti haifiki hata robo ya Weber.

chuma_cha_muingereza
Unasugua leo, mwakani inapinda tena. Haya.

babu_distributa
Vijana mnaiacha distributa, inayogawa moto kwenye plagi. Pointi weka gepu milimita 0.35 mpaka 0.40, shika shafti uone kama inacheza, nyonya hozi ya vakyumu kwa mdomo uone kama inashika. Vile vispringi vya ndani vikilegea taiming inaenda mbele mapema, sailensi inapanda na hairudi vizuri. Valvu nazo gepu milimita 0.25. Kabureta uiguse mwisho.

mkulima_wa_kalenga
Mrejesho wakuu. Servo nimeminya, hakuna tofauti. Pointi zilikuwa zimebana, nimeweka sawa. Maji nimepulizia, kwenye silinda ya nne mlio umebadilika hapo hapo, nati mbili za manifodi zinazunguka kwa vidole! Skrubu ya mchanganyiko nimefunga mpaka ndani, injini haijazima. Shafti haichezi. Kwa hiyo nachukua gasketi ya manifodi na kiti, kopi nimemwambia fundi airudishe.

series_nanyuki
Poa sana. Hizo nati usizikaze tu na gasketi ya zamani, ishaungua.

dada_spana
Na ukifunga gasketi mpya, zile nati zinazounganisha manifodi ya hewa na ya egzosi ziache zimelegea kwanza, kaza za kwenye silinda hedi zote, ndipo urudi kukaza hizo. Ukianza nazo manifodi inakaa upande na itavuja tena silinda ile ile.