Kibali cha kupiga picha za harusi Grand Canyon

Swali: Ndugu zangu, nimeombwa na jamaa zangu wanaotarajia kuoana niwapige picha katika hifadhi ya Grand Canyon, huko Arizona, na kwa kuwa watanilipa, nahofia nitahesabiwa kuwa mfanyabiashara na kutozwa ada ya kibali. Tutakuwa watu sita.

Jibu: Zamani hofu yako ingekuwa na msingi. Kwa sheria iliyotiwa saini Januari 2025, kundi lisilozidi watu wanane kwa kawaida halihitaji kibali wala ada katika hifadhi za taifa za Marekani, hata kama mpigapicha analipwa, mradi vifaa vyote vibebwe kwa mkono, picha zipigwe mahali palipo wazi kwa umma, na wageni wengine wasizuiwe kupita. Kiingilio mtalipa kama kila mtu.

Jibu: Naongeza jambo ambalo wengi hulisahau: ndoa yenyewe ikifungwa humo hifadhini, hiyo ni shughuli maalumu yenye kibali chake, nacho huombwa mapema. Droni iache nyumbani. Zilipigwa marufuku mwaka 2014.

Muulizaji: Nashukuru sana. Ndoa itafungwa msikitini, Phoenix. Hifadhini ni picha tu. Je, tukihamia bustani ya jiji, masharti ni hayohayo?

Jibu: La. Sheria hiyo inahusu ardhi ya serikali kuu pekee. Bustani za majimbo na za miji zina taratibu na viwango vyake, kwa hiyo waulize wasimamizi wake kabla ya siku yenyewe.