Eti "maji ya kubeba ya nini, si tunaenda kwenye maji?" Huyu mratibu anatupeleka Sanje au ahera?

Simba wa Mlimwa

Wakuu, salamu baadaye, hasira bado za moto. Wa Dodoma mnamjua, yule wa kofia iliyogeuzwa nyuma na "familia, twende tukaweke kumbukumbu". Simtaji, anapita humu humu.

Leo kaweka kwenye grupu ratiba ya kwenda maporomoko ya Sanje, kwenda na kurudi siku moja. Nikauliza kistaarabu: kila mtu abebe lita ngapi za maji? Jibu, mbele ya watu mia na ushee: "Maji ya kubeba ya nini, si tunaenda kwenye maji?" Na emoji tatu za kulia kwa kicheko. Watu wakagonga dole gumba mpaka simu yangu ikapata homa.

Maji ya kubeba ya nini! Basi na anayepanda boti kwenda Unguja asinunue maji, bahari si ipo.

Sasa tazameni ratiba yenyewe. Coaster inatoka Nanenane saa 1 asubuhi, saa 2 usiku "kila mtu kitandani kwake". Dodoma hadi Morogoro ni kama kilomita 260. Morogoro hadi Mikumi mjini kama 120. Hapo unakunja kushoto njia ya Ifakara, kama 60 nyingine hadi Mang'ula zilipo ofisi za Hifadhi ya Udzungwa. Hizo ni 440, kwenda tu! Kwa Coaster iliyojaa, matuta ya ndani ya hifadhi ya Mikumi, na watu wanaoomba kuchimba dawa kila baada ya kilima, ni masaa manane. Mnafika saa 9 alasiri. Bado malipo, bado kumpata mwongozaji, bado kurudi kijijini Sanje njia inakoanzia, karibu kilomita 10. Kupanda na kushuka ni kama masaa manne kwa mwenye magoti mazima. Jua linazama saa 12 na nusu hivi. Mwongozaji mwenye akili zake hawaingizi msituni saa hiyo, na asiye na akili atawashusha kwa tochi za simu zenye chaji asilimia 6.

Na huyo ndiye kaniuliza maji ya nini.

Joto la bonde la Kilombero si la Dodoma. Hapa jasho linakauka hujaliona. Kule hewa imejaa unyevu, jasho linabaki mwilini, halikupoozi, unalowa tu na kiu inapanda. Lita 3 kwa kichwa: mbili za njiani, moja inabaki kwenye gari ya kurudia. Watu 25 ni lita 75, yaani chupa 50 za lita moja na nusu. Zinaenea chini ya viti. Lakini hapana, maji ya kubeba ya nini!

Nawasilisha. Moderator usiunganishe uzi wangu na ule wa mafundi bomba.

Kokoto

Uzi tayari. Nakaa mkao wa kula.

Zabibu Kavu

Mkuu, hapa kiini ni maji au umevuliwa uadmin? Lita 3 ni za ng'ombe wa Bahi akirudi malishoni.

Simba wa Mlimwa

Zabibu soma kwanza. Alisema maji ya KUBEBA ya nini.

Shangazi wa Kikuyu

Mwanangu una haki ila punguza herufi kubwa. Nyie mnaocheka, maji ya porini kuwa meupe si kuwa salama. Nyani wanajisaidia juu huko, hawajui nyie mna kiu. Taifodi na amiba havionekani kwa macho. Akiishiwa mtu, achote yanayotembea, yakiwa na tope ayachuje kwa kitambaa safi, aweke kidonge cha kutibu maji kwa kipimo cha kwenye pakiti, asubiri dakika 30 ndipo anywe. Mnywao mara tu kidonge kikizama mnakunywa dawa na wadudu pamoja.

La pili, mkiwa kwenye bwawa chini ya maporomoko mkaona maji yanageuka rangi ya chai, au majani na vijiti vinaanza kushuka vingi, tokeni wote. Mvua imenyesha juu hata kama kwenu jua linawaka. Msisubiri picha ya mwisho.

Tairi Bovu

Ratiba imepangwa na mtu aliyepima ramani kwa kidole. Safari hiyo ni ya kulala. Ijumaa panda SGR hadi Morogoro, ipo tangu 2024, ila stesheni iko nje ya mji, kwa hiyo gari iwasubiri pale pale. Mnalala Mang'ula. Jumamosi saa 1 asubuhi mko getini, saa 2 mnaanza kupanda, saa 7 mmeshashuka. Malipo ni kwa kontro namba, si noti mkononi, kwa hiyo salio liwe kwenye simu kabla ya kufika, mtandao wa huko una mambo yake. Na raia mwenye kitambulisho cha NIDA analipa kidogo sana kuliko mgeni, ukikisahau nyumbani usimtolee macho askari.

Mkilazimisha siku moja kutoka Dodoma, Sanje iondoeni. Tafuteni maporomoko ya Uluguru, pale pale Morogoro, mnaokoa kilomita 180 kila upande.

Kokoto

Kwenye orodha ya vitu kaandika "kila mtu aje na mfuko wa rambo wa kuwekea nguo mbichi". Rambo! Imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Huyu anaishi mwaka gani?

Simba wa Mlimwa

Anaishi mwaka ambao maji hayabebwi.

Mguu Pande

Mmesahau viatu. Wa Dodoma wanakwenda msituni na yeboyebo kwa sababu huku kote ni mchanga. Mwamba wa pale una utelezi wa kijani, soli laini inaondoka kama sabuni. Raba yenye meno, kamba ifungwe vidole visigonge mbele wakati wa kushuka, maana magoti na kucha vinaumia kwenye kushuka. Jinzi acheni, ikilowa inakuwa na uzito wa gunia. Na spika ibaki kwenye gari! Mnataka kumwona mbega mwekundu halafu mnampigia singeli.

Zabibu Kavu

Mimi langu ni mchango. Elfu kadhaa "pamoja na chakula", chakula chenyewe pilau la nyama lililopakiwa saa 9 usiku likiwa la moto, kifuniko kikabanwa. Saa 8 mchana linavuta nyuzi. Kwa nini watu wasibebe chapati kavu, karanga, ndizi na viazi vya kuchemsha?

Tairi Bovu

Viazi vitamu Gairo. Mjadala umefungwa.

Mguu Pande

Gairo wanauza vikubwa vya nyuzi. Bora mahindi ya kuchoma Kibaigwa.

Shangazi wa Kikuyu

Kibaigwa ni karibu mno, mtu katoka nyumbani hata chai haijashuka. Simameni Dumila, mnachukua na nyanya wakati wa kurudi.

Kokoto

Tatizo si mji, tatizo ni dereva. Anasimama pale anapopewa sahani ya bure, kuku wa elfu nane mfupa mtupu, na choo mnalipia.

Zabibu Kavu

Choo mia mbili na karatasi hakuna. Hili lifunguliwe uzi wake.

Simba wa Mlimwa

Jamani uzi ulikuwa wa maji.

Tairi Bovu

Maji yapo Dumila, ya baridi. Mguu Pande, nyuzi za Gairo ni zile za msimu wa mwisho, nenda mapema uone.

Mguu Pande

Mapema mwezi gani?