Rangi za kumimina: kwa nini seli hazitokei, na kwa nini uso unapasuka?

Dada_wa_Tanga

Habari zenu, ndugu zangu. Ninajifunza kuchora kwa kumimina, yaani kutia rangi kadhaa katika kikombe kimoja, kukipindua juu ya ubao, kukiinua, kisha kuuinamisha ubao huku na huku mpaka rangi zienee zenyewe. Kwa kuwa akriliki za wasanii ni ghali na huku kwetu ni shida kuzipata, ninatumia rangi ya maji ya kupaka ukutani, ambayo ninailegeza kwa maji na gundi nyeupe ya maseremala. Kasoro ni mbili. Ile miduara inayoitwa seli, ambayo kwangu ndiyo utamu wa kazi hizi, haitokei. Ninapata mistari tu, na pengine rangi zote huishia kuwa kijivu. Halafu kazi ikikauka hupasuka nyufa nyembamba, hasa pale rangi ilipojikusanya, ingawa huwa ninaiweka mbele ya feni ili ikauke kabla ya kuingiwa na vumbi. Je, ubaya uko katika rangi ya ukutani, au katika namna ninavyochanganya? Na wino wa spiriti ninaosikia ukisifiwa, ni njia nyepesi zaidi?

Mwalimu_wa_Sanaa

Dada, usiionee haya rangi ya ukutani. Mmeksiko David Alfaro Siqueiros, ambaye mwaka 1936 alifungua karakana ya majaribio mjini New York, alimimina rangi za magari juu ya mbao na kuziacha zipenyane. Jackson Pollock, akiwa bado kijana, alikuwa miongoni mwa waliohudhuria karakana hiyo. Na hapa kwetu Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za baiskeli.

Sababu ya seli kutokea inajulikana vizuri. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha UNAM nchini Meksiko walichapisha uchunguzi wa mbinu hiyo ya Siqueiros, na walionyesha kwamba chanzo chake ni tofauti ya uzito: rangi nzito ikilala juu ya rangi nyepesi, ile ya juu hushuka na ile ya chini hupanda kupitia humo humo, na pale inapochomoza ndipo tunapoona duara. Walipomimina nyeupe juu ya nyeusi, mabaka yalitokea. Walipogeuza mpangilio, tabaka zilitulia. Weupe wa titani, yaani unga unaoipa rangi weupe, una uzito wa takriban gramu 4.2 kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali weusi wa kaboni haufiki hata nusu ya uzito huo.

Kwa hiyo jambo la kuangalia kwanza ni mpangilio wa rangi katika kikombe. Kwa kuwa unakipindua, rangi unayoitia mwanzo ndiyo itakayokuwa juu ubaoni. Basi anza na nyeupe, na nyeusi au buluu ifuate. Lakini hapa ndipo rangi rahisi ya ukutani inapoweza kukuangusha, kwa sababu nyeupe yake mara nyingi ina chokaa nyingi na titani kidogo, na chokaa si nzito kiasi hicho. Usikisie. Chukua mililita 100 za kila rangi ikiwa imekwisha kulegezwa, uziweke kwenye mizani ya jikoni moja baada ya nyingine. Zikikaribiana uzito, hakuna ufundi wa mkono utakaokuletea seli. Ulaini nao uwe sawa kwa rangi zote, kiasi cha uji mwepesi, maana rangi nzito iliyo ngumu hubaki juu bila kushuka.

Ama ule ukijivu, nadhani unauinamisha ubao kwa muda mrefu mno. Rangi zikishafika pembeni, acha.

Fundi_Majengo

Mimi kazi yangu ni kupaka nyumba, si msanii, ila nyufa ninazijua. Mwalimu ameeleza vyema habari ya uzito, lakini dada ameuliza mambo mawili.

Rangi ya maji hukauka kuanzia juu. Tabaka likiwa nene, uso hufanya ngozi wakati chini bado kuna maji. Maji hayo yakiendelea kutoka, rangi ya chini hunywea na kuivuta ngozi ile, ambayo haiwezi tena kunyumbulika, na hapo hupasuka. Feni yako inaiharakisha ngozi hiyo, kwa hiyo iondoe. Funika kazi kwa boksi lililoinuliwa kidogo ili vumbi lisiingie na hewa ipite, uiache siku mbili au tatu, na kwa unyevu wa pwani hata zaidi.

La pili ni aina ya rangi. Rangi ya ukutani isiyong'aa ina unga mwingi na gundi kidogo, kwa kuwa imetengenezwa ipakwe kwa tabaka jembamba. Nunua ile ya silki, yaani yenye mng'ao kiasi. Maji usiyazidishe, kwani kinachoshika rangi ni gundi iliyomo, na ukiizimua sana utabaki na unga usioshikana. Legeza zaidi kwa ile gundi nyeupe, kisha maji kidogo. Mwisho, weka pimamaji juu ya ubao kabla ya kumimina. Ubao ulioinama hata kidogo hukusanya rangi upande mmoja, na huko ndiko nyufa zako zilikoanzia.

Dada_wa_Tanga

Shikamoo Mwalimu, na asante sana Fundi. Nimewaelewa. Wengine hushauri matone ya mafuta ya silikoni. Je, yanachukua nafasi ya huo mpangilio wa uzito?

Msusi_wa_Wino

Ninaomba nilijibu hilo pamoja na lile la wino. Silikoni huleta seli kwa njia nyingine, kwa kuwa haichangamani na maji na huisukuma rangi kando, hivyo itafanya kazi hata kama rangi zako zina uzito mmoja. Mimi siipendi. Mafuta hubaki juu ya uso, na vanishi ukiipaka hujikunja na kuacha mashimo mpaka kwanza uusafishe uso wote.

Kuhusu wino wa spiriti, si wepesi, ni kazi nyingine kabisa. Hautaki ubao unaonyonya. Unataka karatasi ya plastiki au kigae cheupe cha bafuni, ambacho kina faida kwamba ukichukizwa na ulichochora unakifuta kwa spiriti na kuanza upya. Unasogeza wino kwa kuupuliza, nao hukauka kwa dakika chache. Wino wa aina hii kwa kawaida hupauka upesi ukipigwa na jua, kwa hiyo kazi ya kuuza usiitundike mkabala na dirisha. Fungua madirisha unapofanya kazi, na kile kichomea cha gesi ambacho wamimina akriliki hukitumia kuondoa mapovu kisikaribie hapo kabisa, kwa sababu mvuke wa spiriti unashika moto.